Mkono Usiogusika

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Sijui ni nani kati yenu aliyewaza kwamba mtu anayestaafu ndiye anayehitaji kujua saa, lakini nashukuru. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Muheza. Inakwenda mbele, na mke wangu anasema kila kitu kinachotoka hospitali kina haraka isiyo na sababu. Mlinipa pia kazi: niandike jinsi nilivyofanya uuguzi, ili ninyi mnaobaki msome wakati wa chai. Basi naandika. Vyeo sitavigusa. Nilivipata kwa kuchelewa, nikavizoea haraka, na hamna funzo lolote humo.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge. Baba yangu alikuwa Mkatoliki aliyetoka bara kuja kukata mkonge kwa mkataba, mkataba ukaisha naye akasahau kurudi. Kambi yetu ilikuwa na zahanati ya chumba kimoja, na mganga wake ndiye mtu pekee aliyevaa nguo nyeupe siku za kazi. Wapo wanaosema waliitwa na Mungu kwenye uuguzi. Mimi niliitwa na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, na sijawahi kujuta.

Siku ya kwanza wodini nilikabidhiwa kwa Matroni Hilda, Msambaa wa milimani, Mlutheri, mfupi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Wakati ule sindano tulikuwa tukizichemsha. Mabomba yalikuwa ya kioo, na sindano zilitumika mpaka zikawa butu, tukazinoa kwenye jiwe kama visu vya jikoni. Matroni hakuniuliza cheti wala jina. Alinisukumia trei ya sindano na kipande cha pamba.

"Pitisha kila moja kwenye pamba," akasema. "Ikinasa uzi, ncha yake ina kijino. Wewe hutakiona, mgonjwa atakihisi. Hiyo unainoa tena."

Asubuhi yote nikapitisha sindano kwenye pamba. Nilikuwa nimekuja kuokoa maisha ya watu, na siku ile niliokoa makalio yao. Leo mnafungua sindano mpya kwenye karatasi yake, mnaitumia mara moja, mnaitupa, na vizuri sana. Lakini pamba ile ilinifundisha kwamba mgonjwa anahisi vitu ambavyo sisi hatuvioni, na kwamba kutoviona kwetu si ushahidi.

Matroni alikuwa na somo jingine, nalo ndilo lililonifaa kuliko mengi niliyosomea darasani. Alisema maumivu ni mgeni, na mgeni humtimui mlangoni kabla hujamhoji ametoka wapi na anaelekea wapi. "Usimwulize mgonjwa kama anaumwa," alisema. "Amelala hospitali, unadhani amekuja kutazama mapazia? Mwambie akuonyeshe. Halafu angalia, anaonyesha kwa kidole au kwa kiganja?" Anayeonyesha kwa kidole, maumivu yake yana makao, unaweza kuyafuata. Anayepapasa kwa kiganja, mambo yameshatawanyika, kaa chini umsikilize. Na kesho yake umwulize upya kabisa, kwa sababu mgeni wa jana huenda ameondoka na mwingine ameingia kitandani mwake. Nilimwona akimwuliza mzee mmoja swali hilohilo kila asubuhi mpaka mzee akawa anamnyooshea kidole tangu anapoingia mlangoni.

Nikapita wodi za wanaume, za watoto, nikapita chumba cha upasuaji ambako sikukaa kwa sababu daktari wa pale alikuwa akiimba, na alikuwa hajui kuimba. Baadaye nikahamishiwa tiba shufaa, yaani huduma ya wagonjwa ambao ugonjwa wao hautapona, ili muda walio nao waishi bila mateso. Nikapewa pikipiki, mkoba, na barabara zote za pwani yetu. Huko vijijini mwanamume yeyote mwenye mkoba wa dawa ni dokta. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikisahihisha: mimi ni muuguzi. Watu wakaitikia, "Sawa, dokta." Nikaacha.

Kazi kubwa ya miaka ile haikuwa kutoa dawa bali kuitetea. Mofini tuliipata kama unga mweupe, tukauchanganya na maji, tukatia tone la rangi ili chupa zisichanganywe: kijani ile hafifu, nyekundu ile kali. Sasa fikirieni mji wetu, na mateja wake tunaowajua kwa majina, halafu ndugu wa mgonjwa amesikia kwamba dawa ya baba yake inatengenezwa kwa unga mweupe. Mama mmoja aliniuliza mbele ya majirani, "Yaani baba yetu kafika umri huu hajavuta hata sigara, leo serikali inampa unga?" Wengine waliiita dawa ya kufia. Hata wenzetu hospitalini walikuwa wakiitoa kwa uchoyo, tone kwa tone, mgonjwa akisaga meno. Nikaisemea mofini misikitini, kanisani, kwenye vijiwe vya kahawa. Mke wangu alisema nikiombwa neno la baraka harusini nitasimama niwaeleze maharusi habari za mofini. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu mwenye saratani kukaa na maumivu makali huku dawa ipo kabatini ni aibu yetu sisi.

Nayasema haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipokutana na mgonjwa ambaye mofini ilimgeuka.

Mzee Faki alikuwa Mpemba aliyehamia Kigombe ujanani na kuoa hapo. Alikuwa mshona kofia, zile za mkono, zenye matundu madogomadogo yanayozungushiwa uzi moja baada ya jingine. Mkewe alishafariki. Mtoto alikuwa naye mmoja, Rukia, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemtunza. Saratani ilianzia kwenye tezi dume ikahamia kwenye mifupa. Siku ya kwanza nilipomwambia anionyeshe maumivu, aliweka kidole kimoja kwenye nyonga ya kulia, taratibu, kama anayeonyesha mahali pa kutoboa tundu. Tukamwanzishia chupa ya kijani. Baada ya muda mfupi nikamkuta barazani ana kofia gotini na sindano mkononi, anamsuta jirani yake juu ya mpira wa miguu. Nilirudi mjini siku ile naendesha pikipiki huku naimba, nami pia sijui kuimba.

Kisha Rukia akachumbiwa. Mchumba ni Salimu, kijana wa hapahapa Muheza, mfanyabiashara wa machungwa. Mzee akakubali, na akaniambia, "Yakhe Gaspari, mie n'na mtoto mmoja tu. N'tamwoza kwa mkono wangu."

Kwa wale wenzangu Wakristo ambao hamjahudhuria: katika ndoa ya Kiislamu baba wa bibi harusi humshika bwana harusi mkono wa kulia, akaushikilia, akatamka kwamba amemwozesha binti yake, na kijana akajibu kwamba amekubali, mikono ikiwa bado imeshikana. Baba akiwa hawezi, anamwachia shehe afanye kwa niaba yake, na ndoa inakuwa ndoa. Lakini Mzee Faki hakutaka kumwachia shehe. Alikuwa hawezi tena kwenda Pemba, hawezi kusali kwa kusimama, hawezi hata kujifunga kikoi. Hilo moja aliliweka pembeni, akasema ni lake.

Ikawa muda si mrefu maumivu yakapanda. Tukaongeza dawa, ndivyo inavyofanywa, maana ugonjwa wa mifupa hukua. Akapata nafuu kidogo. Yakapanda tena, tukaongeza. Tukafika chupa nyekundu, na hiyo nayo tukaiongeza. Kila nilipokwenda Kigombe nilimkuta amekunja uso zaidi ya safari iliyopita. Kisha ikawa ngozi. Shuka ikimgusa mguu anaguta. Feni ikigeuka upande wake anaomba izimwe. Rukia akajaribu kumpa mkono wa asubuhi kama kawaida, baba akauvuta wake kama aliyeshika jiko la mkaa. Mtoto yule akatoka nje akalia nyuma ya nyumba.

Wakati huo dada mkubwa wa mzee, Bi Mize, alikuwa amevuka kutoka Pemba kuja kumuuguza. Bi Mize ndiye aliyemlea Mzee Faki baada ya mama yao kufa, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na mafuta ya karafuu, na kwao mgonjwa asiyekandwa ni mgonjwa aliyetelekezwa. Mimi nikasema tumempata mchawi: mafuta ya karafuu yanaunguza, ndiyo yanayomchoma ngozi. Nikayapiga marufuku. Bi Mize akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akamwambia Rukia kwa sauti ya kunisikilizisha, "Huyu dokta karafuu zinamuudhi nini? Zinanukia kuliko yeye." Akayafungia mafuta. Maumivu yakabaki palepale, na mimi nikabaki na adui.

Majirani wakaanza kupita wakitembea kwa vidole. Nyumba nzima iliamini ugonjwa umeshaenea mwili mzima na mwisho umefika. Shehe akaja, mtu mpole, akamwambia mzee kwamba hakuna aibu kumwachia yeye jambo la ndoa. Mzee alifumba macho. "Kama n'shakufa nambieni," alisema, "nisijisumbue kupumua." Mabega ya shehe yakacheka kabla yeye mwenyewe hajataka.

Nikaenda kwa Daktari Upendo kuomba kibali cha kuongeza dozi. Wengine mmemkuta na wengine mnamjua kwa jina: binti wa Lushoto, wazazi wake wakulima wa kabichi, kijana kuliko mwanangu wa pili. Kila asubuhi alikuwa akiniamkia shikamoo, na baada ya marahaba yangu ananipa amri. Akanisikiliza, kisha akasema, "Twende wote, baba."

Tulipofika Kigombe akamkagua mzee kwa subira. Akampima nguvu za miguu, akauliza habari za mkojo, akatoa damu ya kupima figo, akaangalia misuli ya mapaja ambayo ilikuwa ikichezacheza yenyewe. Kisha akanigeukia. "Baba, mwulize wewe. Kuna namna yako ya kuwauliza."

"Mzee Faki," nikasema, "nionyeshe panapouma."

Hakunyoosha kidole. Hakupapasa hata kwa kiganja. Alizungusha mkono hewani juu yake, kichwani hadi miguuni. "Uniulize pasipouma, yakhe," akasema, "ndo n'takujibu."

"Na ile nyonga?"

Akafikiri. "Nyonga ndo yenye afadhali."

Majibu ya damu yalipotoka, figo zake zilikuwa nzima. Daktari akaniita ofisini, akafunga mlango. Alisema haoni ugonjwa mpya. Mgonjwa ambaye ugonjwa umekua huumia zaidi palepale anapoumia, au mahali papya panapoeleweka. Huyu anaumia kila mahali, anaumia kwa kuguswa na kitambaa, misuli inaruka, na kila tulipoongeza dawa alizidi. "Nadhani dawa yenyewe imemfanya awe mwepesi wa maumivu," akasema. "Inatokea kwa baadhi ya watu, dozi ikiwa kubwa na ya muda mrefu. Tutaipunguza."

Nilikasirika, vijana. Nasema ukweli, nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu ya kazi kuwaambia watu kwamba mofini haina ubaya ikitolewa ipasavyo, kwamba mwenye maumivu anyimwe chochote ila si hiyo. Sasa mtoto wa juzi ananiambia mzee anayelia nimpunguzie. Nikamwuliza kama anajua nitawaeleza nini wale watu. Hawa hawa niliowaapia kwamba dawa haina neno.

Hakubishana nami. Aliniuliza, "Parokiani kwenu kuna kipaza sauti?"

"Kipo."

"Kikifunguliwa sana kinafanyaje?"

"Kinapiga mluzi," nikasema kwa kinyongo. "Kinashika hata padre akikohoa."

"Akikohoa, akigeuza karatasi, nzi akipita. Fundi anafanyaje? Anaongeza?"

Akaniambia mishipa ya fahamu ya Mzee Faki iko hivyo. Tulikuwa tukiifunika kwa dawa, nayo ikajifungua sauti ili isikie, tukafunika zaidi, ikajifungua zaidi. Sasa inashika kila kitu, hata kikoi. Hakusema kwamba mofini ni mbaya. Alisema imezidi kwa mtu huyu. Nikaona kwamba hoja yangu na hoja yake hazigombani, ila mimi nilikuwa nimezoea kupigana hata mahali ambapo hapana vita.

Tukaanza. Kupunguza kwenyewe si kukata kwa ghafla, maana ukikata ghafla mgonjwa anatetemeka, anatapika, anaona cha moto. Ni kushuka ngazi kwa ngazi, huku ukimpa vidonge vingine vya kutuliza mishipa ya fahamu na vya maumivu ya kawaida. Niliwakalisha familia, nikatumia kipaza sauti cha Daktari kana kwamba ni changu. Rukia akaelewa. Bi Mize hakusema kitu, na mwanamke wa Kipemba asiposema kitu, ninyi jueni hajakubali.

Kipimo chetu kikawa kanga. Kila nilipokwenda, Rukia alitandaza kanga laini, iliyochakaa, juu ya mguu wa baba yake, nasi tukamtazama usoni. Mara ya kwanza aliitupa. Tuliposhuka kidogo akaivumilia, akauma meno. Tukashuka tena, na hapo nikatarajia nafuu, lakini wapi. Tulikuwa tumekwama. Siku ya harusi inakaribia, wapishi wameshaagizwa, Salimu ameshatoa kanzu yake kwa dobi, na mzee hawezi kushikwa mkono. Nilikuwa nalala vibaya. Nilianza kufikiri kwamba Daktari kakosea, na lililoniuma zaidi ni kwamba sikutaka awe amekosea.

Nikaenda Kigombe alasiri moja bila taarifa. Mzee alikuwa macho, Bi Mize pembeni yake na pepeo asiyoipepea. Nikasalimia, nikamwomba mzee afungue kinywa nitazame kama ana ukavu. Ulimi wake ulikuwa mwekundu kama wa mtoto wa shule aliyetoka kwa muuza ubuyu.

Chupa nyekundu nilikuwa nimeikusanya zamani. Alikuwa anatumia ya kijani.

"Mzee kala nini?" nikauliza.

"Ubuyu," akasema Bi Mize upesi.

"Huyu? Uji wenyewe anaumeza kwa kubembelezwa."

"Ubuyu anaupenda toka mdogo."

Nikaangalia kitandani, nikaangalia chini, nikaangalia kwenye kisahani. "Na kokwa ziko wapi, Bi Mize?"

"Kameza," akasema.

Mzee Faki akafumba macho. Kitanda kikaanza kutikisika, nikadhani ni ile misuli yake. Kumbe anacheka. Alikuwa anacheka huku anaumia, akisema, "Dada, wacha. Wacha, n'takufa kweli."

Bi Mize akafungua mkoba wake, akatoa chupa iliyokuwa ya marashi ya waridi, akaniwekea mkononi. Alikuwa amemimina humo dawa nyekundu siku niliyokuja kukusanya, kabla sijafika chumbani. Kila mdogo wake alipougua sana, wengine wakiwa wamepumzika, alimpa kijiko. Hakuna ubaya aliouona. Kwao mgonjwa akiomba maji ya dafu usiku wa manane mtu anapanda mnazi, itakuwa dawa? Akaanza kulia, akifuta macho kwa ncha ya buibui. "Mie ndo n'lomlea," alisema. "Kalia mikononi mwangu toka ana meno mawili. Nimsikie analia nikae na dawa mkobani?"

Nami nilishindwa kumgombeza. Ningeweza kuhutubia, mnanijua, lakini nilikaa tu kitandani, mbali na mguu wa mzee.

Daktari Upendo alipopata habari hakugomba pia. Alikuja mwenyewe, akaingia ndani na Bi Mize, wakakaa jamvini. Sikuwamo, nimesimuliwa na Rukia. Alisema, "Bibi, hapa hakuna anayempenda kuliko wewe. Dawa zake zote nakukabidhi wewe. Asipewe na mtu mwingine, wala Rukia, wala mzee Gaspari. Lakini kila ukimpa, na kila usipompa, uniambie alivyo." Kisha akamweleza habari ya kipaza sauti. Bi Mize alikuwa amehudhuria maulidi na harusi nyingi kuliko mtu yeyote wa umri wake. Akasema, "Sasa si mngesema mapema? Kile kidude mie nakijua."

Tangu siku hiyo hatukuwa na muuguzi mkali kama yeye. Nilipomwomba anionyeshe chupa, alitaka kwanza kuniona nimenawa mikono. Tukashuka, tukakaa, tukashuka. Kanga ikakaa mguuni bila mzee kukunja uso. Ikaja shuka. Feni ikawashwa. Asubuhi moja Bi Mize akanipokea mlangoni, akanivuta ndani bila hata kunijibu salamu. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mdogo wake, pole, kama anayegusa chapati kama imeiva. Mzee alikuwa anaendelea kuniuliza matokeo ya mpira.

Siku ya ndoa walimkalisha barazani kwenye kiti chenye mito. Kanzu nyeupe, na kofia mpya aliyoishona viwiko vikiwa vimeegemea mito, tundu chache kwa siku. Sikuwa na uhakika. Kanga ni kanga, lakini mkono wa mfanyabiashara wa machungwa ni mkono uliozoea kubeba matenga. Nilikaa nyuma ya shehe, moyo unanienda mbio kama mimi ndiye ninayeozwa. Daktari Upendo alikuwa ndani pamoja na wanawake.

Shehe akasoma kwenye kipaza sauti cha kukodi, akamaliza, akamwashiria. Mzee Faki akanyoosha mkono wa kulia. Salimu akauangalia kama aliyepewa yai, akaushika kwa ncha za vidole. "Shika," mzee akamwambia. "Unaoa au unapima joto?" Kijana akaushika sawasawa.

"Nimekuoza binti yangu Rukia," mzee akatamka, neno baada ya neno, na mahari iliyokubaliwa. Sauti yake ilikuwa kavu lakini ilifika.

Sasa zamu ya Salimu. Kijana anayeuza machungwa stendi kwa kelele za kusikika hata mtaa wa pili, siku hiyo sauti ikampotea. Midomo inacheza, hakuna kitu. Mashahidi wakasema hawajasikia. Fundi wa muziki, kwa nia njema, akaongeza sauti. Kipaza sauti kikapiga mluzi mbaya, watoto wakaziba masikio. Akaongeza tena. Na muda wote huo mikono ile miwili imeshikana, mimi nautazama ule wa mzee tu.

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya Bi Mize: "Punguza, we mwana! Ukizidisha ndo husikii!" Na nyuma yake kicheko ambacho nilikijua, cha daktari mmoja kutoka Lushoto.

Fundi akapunguza. Salimu akameza mate, akasema, "Nimekubali kumuoa Rukia binti Faki," na watu wote wa Kigombe wakamsikia. Vigelegele vikalipuka ndani. Mzee hakuuachia mkono. Aliushikilia mpaka shehe akamgusa bega na kumwambia, "Mzee, yatosha, sasa ni mkwe." Akina mama wakaja, Rukia akapiga magoti, baba akamshika uso kwa mikono yote miwili, na hapo mimi nikajifanya kutafuta kitu kwenye mkoba ambao siku hiyo sikuja nao.

Msitarajie muujiza. Mzee Faki alifariki kabla mwaka haujageuka, akiwa kwenye chupa ya kijani. Bi Mize alikuwa amemkanda miguu asubuhi ile kwa mafuta ya karafuu, kwa ruhusa yangu rasmi. Wala msiondoke hapa mkaanza kuogopa mofini na kuitoa tone kwa tone, nitafufuka kwenye kustaafu kwangu nije kuwagombeza. Wengi watakaowaambia maumivu yamezidi, yamezidi kweli, wapeni. Lakini waambieni wawaonyeshe. Kila siku, upya.

Jioni ile ya harusi, pilau ikiwa imeshaliwa, nikaenda kumuaga. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikimuaga kwa kuweka mkono kifuani, kwa mbali. Nikaweka mkono kifuani. Akaniangalia, akanyoosha wake, ukabaki hewani unanisubiri, nikaushika. Ulikuwa mkavu, wenye vidole vigumu vya mshona kofia, na alinibana kuliko nilivyombana.

"Na leo, mzee?" nikamwuliza. "Nionyeshe."

Bila kuuachia mkono wangu, akanyoosha kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akakiweka kwenye nyonga ya kulia, taratibu, kama anayeonyesha mahali pa kutoboa tundu.

"Hapa tu," akasema.